Ijumaa Mashine Yangu Ilipokataa Kuzimika

Afadhali niieleze mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa mtu wa Kizingitini ambaye hakuwapo na ataitia chumvi, ingawa sidhani kama kuna chumvi ya kuongeza, kwa sababu aibu iliyonipata mimi siku ile mbele ya Chundwa nzima, wanaume na udhu wao na kanzu zimepigwa pasi, wanawake wamejaa unga mpaka kwenye kope, na mimi katikati nimesimama nimevaa kitu ambacho nitakitaja nikishapata nguvu, aibu ile ilikuwa kamili. Mpaka leo nikiisikia injini ya boti ikipandisha sauti baharini moyo unanishuka, nakaa chini kwanza.

Ninyi wa Amu mnanijua kama dada yake Swaleh, yule fundi wa maboti wa Wiyoni, lakini kwetu Chundwa mimi ni Bi Esha wa mashine. Nina mashine ya kusaga, injini ya dizeli ya silinda moja imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, mkanda mrefu unakivuta kinu upande wa pili, na kibanda cha mabati ambacho kiko jirani na msikiti wa Ijumaa, jirani wa kweli, kati yetu kuna kijia tu cha kupita punda na mzigo wake. Tulipotaka kuiweka pale, kamati ya msikiti ilikataa, wakasema makelele, na haki yao, mpaka mume wangu Omari, ambaye naye ni mtu wa kamati, akasimama akawapa neno lake: mashine ya mke wangu haitasikika wakati wa swala, wala sunna wala faradhi. Wakamkubalia kwa ajili ya heshima yake. Na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuangusha, adhana ikikaribia mimi nishafunga koki ya dizeli, injini inakohoa, inapumua, inanyamaza, wanawake wanajifuta unga, kila mtu na ndia yake.

Sasa injini ina oili yake, inakaa chini kwenye tumbo la chuma, kazi yake ni kulainisha vyuma visilane, na ina kijiti cha kupimia chenye alama mbili, ya chini na ya juu. Injini yangu siku zote ilikuwa mlevi wa oili, nikiijaza leo, baada ya muda kijiti kinarudi kikavu, na mimi nalalamika na kuongeza. Basi baada ya Ramadhani iliyopita nikaanza kuona kitu kigeni, nachomoa kijiti, oili iko palepale. Nikafurahi. Nikasema lazima ni hii oili mpya niliyonunua Amu, yenye dumu la kijani, wallahi yule muuza duka hakunidanganya. Nikiangalia tena baada ya siku kadhaa, si palepale tu, imepanda. Nikiangalia tena, imeipita alama ya juu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili hujiuliza, chuma hakizai, hii ziada imetoka wapi? Mimi sikujiuliza. Mimi nilisema ni baraka. (Mnacheka, lakini ingekuwa ninyi, mnakuta kitu kinachowamaliza kila mwezi kimeacha kupungua, mngesemaje?) Nikamwonyesha wifi yangu Zuhura, dada yake Omari, ambaye husaga na mimi, akasema mashallah, nikasema mashallah, tukafuta kijiti tukakirudisha. Nikamwambia na Omari tukiwa tunakula, nikamwambia hii mashine siku hizi haili, inatoa, na yeye akasema huku anatafuna, riziki ya halali hiyo, na mimi nikajiona mtu mwema.

Nikafika mahali pa kupunguza. Kweli, nilifungua ile nati ya chini nikakinga oili kwenye chupa ya soda nikaona nisiimwage, nikampa muadhini wetu, Bwana Kombo, apake bawaba za mlango wa msikiti uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa. Kesho yake Bwana Kombo akanijia akanishukuru, akasema mlango umenyamaza, ila wanuka dizeli. Nikamjibu kwamba kitu kilichotoka kwenye injini kitanuka nini, udi? Akaenda zake.

Na dalili zilikuwepo nyingine, nisijitetee. Ile oili ilikuwa imekuwa nyepesi, ukichomoa kijiti inatiririka kama chai ya rangi, ukiisugua kwa vidole haina ule utelezi, inakauka tu mkononi. Nilifikiria kumpigia simu Swaleh. Lakini ndugu yangu yule ukimwuliza kitu kimoja anakutajia vipuri kumi, na kila akija ananiambia dada badilisha hiki, dada badilisha kile, nikaona mtu hapigi simu kushtaki kwamba mambo ni mazuri. Nikaacha.

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya kazi, kwa sababu Bi Rukia, jirani yetu, alikuwa akimuoza bintiye, na nyumba nzima ya arusi ilileta nafaka siku moja, mahindi, mtama, mchele wa kupondwa kwa vitumbua, wanawake wamekaa kwenye benchi refu ndani ya kibanda na wengine na watoto wao nje kivulini. Asubuhi nilipopima oili nikakuta imepanda kuliko siku zote, tena kwenye kile kijibomba ambacho injini hutolea pumzi ya tumboni, pamelowa, panadondoka. Nikamwambia Zuhura, hii leo tungeipunguza kwanza. Zuhura akatazama lile benchi, na mimi nikatazama lile benchi, Bi Rukia mwenyewe amekaa mwanzo na uso wa mama mwenye arusi. Nikasema tutaipunguza alasiri. Ni hilo tu. Uamuzi wangu wote wa siku ile ni huo, neno moja, alasiri.

Ikasaga vizuri. Ikasaga vizuri mno, nikikumbuka sasa, ilikuwa nyepesi, kama mtu mwenye homa anayeongea haraka, na moshi wa bomba ulikuwa na rangi ya maziwa, Bi Rukia akaniuliza mbona leo moshi mweupe, nikamwambia ni unyevu. (Unyevu gani na jua lile, sijui.) Wakati wa Ijumaa ukakaribia, mawaidha yalishaanza, nikaona wanaume wanapita kijiani na kanzu zao, Omari akapita naye, akanitazama, nikamfanyia ishara ya mkono kwamba nazima sasa hivi.

Nikafunga koki.

Injini ikapunguza sauti kama kawaida. Nikageuka kuchukua ufagio. Halafu nikasikia nyuma yangu inapanda. Nikarudi, nikadhani koki haikufunga sawasawa, nikaikaza mpaka mkono ukauma, na injini inapanda. Nikasema basi koki imeharibika, nikauchomoa mpira wa dizeli wenyewe kutoka kwenye tangi, dizeli ikanimwagikia miguuni, mpira nimeushika mkononi huu hapa, mtupu, hauna kitu, hauendi popote, na injini haijapunguza hata kidogo. Inazidi.

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Nimeishi na mashine ile miaka mingi, najua ikikosa dizeli inakufa, kama taa ikikosa mafuta, hakuna njia nyingine. Na sasa nimesimama na chakula chake mkononi mwangu na yenyewe inakula, na sioni inakula nini. Nywele zilinisimama. Nilimtazama Zuhura, Zuhura akanitazama, na nikaona midomo yake inasoma.

Adhana ikatoka wakati huohuo, naona mdomo wa kipaza sauti juu ya msikiti lakini simsikii Bwana Kombo hata neno. Zuhura, Mungu ambariki, alitaka kusaidia, akachukua lile gongo tunalotumia kuuondolea mkanda tukimaliza kazi, akausukuma mkanda utoke ili kinu kisimame. Kinu kikasimama kweli. Lakini kinu ndicho kilichokuwa mzigo, ndicho kilichokuwa kikiishika ile injini kidogo, na mkanda ulipotoka injini ikawa haina tena kitu cha kuvuta, ikaachiliwa, ikapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwenye chuma. Na mkanda wenyewe haukuanguka. Ulirushwa. Ulipita kati yangu na Zuhura, ukatoka mlangoni, ukavuka kijia, ukaenda kuangukia kwenye viatu vya watu mlangoni mwa msikiti, ukavitawanya mpaka ukutani.

Wanawake wakakimbia. Gunia la unga la Bi Rukia likapigwa kumbo likapasuka, mwingine akateleza juu yake, moshi ukajaa kibandani, mweupe kwanza na baadaye mweusi, na unga ndani ya moshi, mtu haoni mkono wake. Nilihesabu watoto kwa kupapasa vichwa huku nikiwasukuma nje, nikirudi nawapapasa wengine, sijui kama niliwapapasa walewale mara mbili.

Sasa fikirini wale waliokuwa ndani ya msikiti. Hii ameniambia Omari mwenyewe na Bwana Kombo ameithibitisha. Khatibu ameshapanda mimbari, khutba imeanza, na mnajua sharia, khutba ikianza hakuna kusema, hata ukimwambia mwenzako nyamaza umeshafanya upuuzi. Basi wanaume wote wamekaa kimya, mashine inalia jirani, moshi unaingia madirishani, mabati yanatetemeka, na hakuna awezaye kusema neno. Wanatazamana tu. Halafu mmoja mmoja wakaanza kumtazama Omari. Safu nzima, kisha safu ya nyuma yake. Na Omari ametazama mkeka. Khatibu wetu, Mwalimu Athmani, ni mzee mwenye sauti, akaipandisha sauti, injini ikaipandisha yake, akaipandisha tena, na mwishowe akafanya jambo ambalo wazee wanasema hawajapata kuliona katika msikiti ule: akaikata khutba, akasema kwa Kiswahili, "Tokeni mkatazame, kuna watu watakufa pale."

Wakatoka wote. Nikawaona kwenye moshi wanakuja, weupe watupu, wengine miguu mitupu kwa kuwa hawakuvipata viatu, na kila mmoja ana rai yake. Mmoja anasema mwagieni maji, mwingine anasema maji yataipasua, mwingine anasema mchanga, mwingine anapaza sauti zimeni umeme (hakuna umeme mle, hata taa hatukuweka). Lakini hakuna aliyeingia, na siwalaumu, kwa sababu injini ilikuwa inacheza juu ya bolti zake, bolti moja ishakatika, na lile gurudumu zito la pembeni linazunguka mpaka halionekani kama chuma, linaonekana kama kivuli. Omari alitaka kuingia wakamshika.

Mimi nilikuwa nimeganda. Kilichoniingia akilini kilikuwa kitu kidogo, cha kila siku: asubuhi, nikiisafisha ikiwa imewaka, nikipitisha mkono karibu na bomba la juu la kuingizia hewa, ule mkono huvutwa. Hii mashine inapumua. Chochote inachokula, haiwezi kukila bila pumzi. Sikuwa na gunia karibu, sikuwa na tambara, nilikuwa na buibui langu tu, nikalivua nikalikunja donge kubwa, nikainama chini ya moshi nikaenda, na kile kichujio cha hewa nilikuwa nimeshakitoa siku hiyo kwa kujaa unga, kwa hiyo bomba lilikuwa wazi, nikalikandamiza lile donge juu ya mdomo wake kwa mikono miwili na uzito wangu wote, na si mdogo.

Likavutwa kwa nguvu ambayo nilidhani litaniingiza na mimi. Injini ikalia, ikakoroma, ikapiga mara chache kama kitu kinachogonga mlango, ikatikisika, ikafa.

Kimya kilichofuata siwezi kukisahau. Masikio yanapiga filimbi, unga unashuka taratibu, moshi unatoka mlangoni, na ulipomalizika kutoka nikawaona watu wote wamepanga mstari nje wananitazama, na nikaona hawaitazami mashine. Nikajitazama na mimi.

Sasa ndio mahali pale nilipowaambia. Chini ya buibui, kwa ajili ya joto la kazi, nilikuwa nimevaa tisheti ya kampeni. Ya mgombea mmoja (simtaji, alishashindwa, tumwache apumzike) ambaye mume wangu alimpinga mbele ya watu, akatoa hoja barazani siku baada ya siku, na ambaye mimi niliwacheka wanawake wenzangu waliokwenda kupanga foleni ya tisheti zake. Uso wake wote uko kifuani mwangu, anacheka, meno yote, na umepakwa oili. Hata Bi Rukia, ambaye unga wake wa arusi ulikuwa chini na mwingine nyweleni mwake, alisahau unga akawa anasoma kifua changu.

Sikuweza kusogea. Omari akaja. Alivuka kile kijia peke yake, mbele ya wote, akaingia kibandani, akavua shali yake ya begani, ile nyeupe ya Ijumaa, akanifunika nayo mpaka kichwani. Mwalimu Athmani akasema, "Turudini, wakati haujatoka," wakarudi, wakaanza khutba upya, wakaswali. Mimi na Zuhura tulikaa chini kwenye unga tukawasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia Ijumaa vizuri hivyo kutoka kibandani, maana hakuna kitu kingine kilichokuwa kikisikika.

Nyumbani Omari alikula kidogo, akanawa, akakaa. Nilikuwa nasubiri hasira, nimejiandaa, nina maneno yangu. Akasema kwa upole, "Esha, unajua Mwalimu alikuwa akisema nini pale mimbarini?" Nikasema sijui. Akaniambia kwamba yeye, kwa furaha yake, alimsimulia Mwalimu habari za ile oili isiyopungua, na Mwalimu akaipenda, akaitia kwenye khutba, maana yeye hutia Kiswahili katikati ili watu wafahamu, na khutba ilikuwa juu ya baraka ya kazi ya halali. Alikuwa ameshafika kwangu. Alikuwa ameshasema kuna mama mmoja katika muyi huu wa Chundwa, mashine yake huwapunguzia watu wote njaa na yenyewe haipungukiwi, na ndipo mashine ikaipandisha tena sauti, akaikata khutba.

Nilijifunika uso. Nililia, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, na Omari akajaribu kujizuia akashindwa, tukacheka mpaka tukaona haya.

Nikampigia Swaleh. Nikamweleza yote, koki, mpira, mkanda, buibui. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Dada, oili ilikuwa ikipanda?"

"Ilikuwa ikipanda," nikasema, "tena sana."

Akasema usiiguse, nakuja.

Akaja na boti ya kwanza aliyoipata. Alipofungua nati ya chini, kilichotoka hakikuwa oili, kilikuwa maji meusi yananuka dizeli, yakajaa karai, yakajaa na ndoo. Akanionyesha: pampu ya dizeli inakaa juu ya tumbo la injini, na ndani yake ilikuwa imelika, kila mzunguko ikidondosha dizeli kidogo chini kwenye oili badala ya kuipeleka yote juu. Mimi nikamwuliza, na kwa nini sikuiona, mbona maji na mafuta hutengana? Akasema maji ndiyo hutengana. Dizeli na oili ni jamaa, asili yao moja, ukizichanganya dizeli inayeyukia ndani kama sukari kwenye chai, huioni juu wala chini, unaona tu kikombe kimejaa zaidi. Akadondosha tone kwenye kipande cha boksi, tukangoja, na likafanya doa jeusi katikati na nje yake duara pana la rangi ya majani makavu, linatambaa. Lile duara, akasema, ni dizeli. Oili iliyochanganyika haishiki tena vyuma, vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe, na ikizidi kujaa inapanda kwenye silinda, inatoka na kwenye kile kijibomba cha pumzi, inavutwa na hewa, na injini inaanza kuichoma. Nilifunga dizeli ya tangini, na yenyewe ilikuwa na tangi la pili tumboni mwake ambalo nililikuza mwenyewe kwa shangwe.

Hayo niliyavumilia. Kilichonivunja ni alipoleta tochi, akapangusa lile gurudumu zito, akanishika kidole akakipitisha juu yake, karibu na katikati. Palikuwa na ufa. Mwembamba, kama unywele, lakini kidole kiliuhisi. Nikamwuliza ufa huu ungefanya nini. Swaleh aligeuka akatazama upande ambao gurudumu lile lingeruka kama lingepasuka, nami nikatazama, na pale palikuwa na benchi.

Nilitoka nje nikaenda kukaa ukutani. Yule aliyekaa mwanzo wa benchi lile asubuhi nzima alikuwa mama mwenye arusi, na pembeni yake binti yake mwenyewe, bibi arusi, aliyekuja kumletea mamake maji akakaa kidogo kupumzika. Sikumwambia Bi Rukia. Nimemwambia juzi tu, akanishika mkono, akasema alhamdulillahi, halafu akaomba maji ya kunywa.

Arusi ilifanyika kwa unga wa kuazima nyumba kwa nyumba. Nami nilikwenda kwa Mwalimu Athmani na Omari, nikaomba radhi, na nikasema mwenyewe kabla hawajaniambia kwamba mashine itatoka pale. Mwalimu alitaka kujua tu kama kuna mtu aliyeumia, nikamwambia hakuna, akasema basi khutba huwa tunaipata kila wiki. Sasa kibanda kiko nje ya muyi, upande wa minazi, injini nyingine, gurudumu jingine, na benchi limewekwa nyuma ya ukuta wa mawe. Wanawake wanatembea mbali zaidi na mizigo yao, wananung'unika, nami nawaacha wanung'unike.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha nachomoa kijiti, napima, nanusa, nadondosha tone kwenye boksi, nangoja. Zuhura huniuliza vipi, nami namjibu imepungua kidogo, na tunafurahi kweli, watu wazima wawili tunashangilia oili iliyopungua. Na nimejiapia hivi: kitu chochote ambacho kazi yake ni kupungua, siku nikikikuta kimezidi, sitasema neno lolote zuri juu yake kwa mtu yeyote, awe mume, awe muadhini, mpaka nijue kimezidi kwa nini.